Mitihani ya AP kwa macho ya mzazi wa Tanga: tulilipia miwili, mitatu tukaiacha

Duka langu la vipuri vya baiskeli liko Ngamiani, na katika miaka ishirini ya kukaa nyuma ya kaunta nimewapokea wateja wengi waliotumwa na fundi kununua mnyororo, pedeli na tairi zote mbili, ilhali ukiigeuza baiskeli yenyewe miguu juu unaona kwamba zilizokatika ni spoki tatu tu. Mwezi wa Oktoba 2024 nilijikuta mimi ndiye mteja wa namna hiyo. Nilikuwa nimeketi mbele ya mshauri wa masomo wa kituo kimoja cha tuisheni, ambacho sitakitaja jina, naye akanikabidhi karatasi yenye orodha ya mitihani mitano ya AP ambayo binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza Kidato cha Tano katika mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), alitakiwa kuifanya ili ajipatie krediti za chuo kikuu cha Marekani kabla hajapanda ndege. Ilikuwa ni Calculus BC, Physics C: Mechanics, Chemistry, Statistics na English Language and Composition, majina nayaacha kama yanavyoandikwa kwenye fomu, maana ndivyo utakavyoyakuta. Tulilipia miwili. Tathmini hii ni ya mtu anayeinunua bidhaa hiyo akiwa Tanga, mbali na shule zinazoifundisha, na anayeilipia kwa shilingi.

AP ni kifupi cha Advanced Placement, mpango wa College Board, taasisi ya Marekani isiyogawana faida iliyoundwa mwaka 1900, ambayo ndiyo pia yenye mtihani wa SAT. Mpango ulianza katika miaka ya 1950 kwa hoja ambayo mzazi yeyote ataikubali bila ubishi: mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kuyasoma mambo ya mwaka wa kwanza wa chuo hana sababu ya kuyalipia na kuyasoma upya. Mitihani hufanyika mara moja kwa mwaka, katika majuma mawili ya Mei, na matokeo hutoka Julai kwa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama 3 inahesabiwa kuwa ya kufaulu, lakini kufaulu huko hakumlazimishi mtu kukupa chochote, kwa sababu College Board inauza mtihani tu. Anayetoa krediti ni chuo, na kila chuo kina jedwali lake. Hapo ndipo karatasi ya mshauri wetu ilipopwaya. Ilitaja mitihani, ikataja bei, ikataja tarehe ya mwisho ya kulipa, lakini haikutaja chuo hata kimoja.

Neno krediti lenyewe linahitaji kufunguliwa kidogo. Digrii ya kwanza ya miaka minne katika vyuo vingi vya Marekani hukamilika kwa krediti zipatazo 120, na kozi moja ya muhula huwa na krediti 3 au 4. Chuo kinapoikubali alama ya AP kinaweza kumhesabia mwanafunzi krediti zinazojaza kozi ya lazima ya programu yake, na hapo amepata mali. Kinaweza pia kumhesabia krediti za ziada zinazoongeza jumla bila kujaza kozi yoyote anayodaiwa, na hizo kwa hesabu yangu zinampa mtu fahari kuliko faida. Au kinaweza kumruhusu aruke kozi ya kwanza na kuanza na ya pili bila kumpa krediti, ambapo idadi ya kozi anazotakiwa kusoma inabaki ileile. Mshauri aliyachanganya yote haya katika sentensi moja aliyoitamka kwa upole sana: "Baba, kila mtihani mmoja ni ada ya kozi moja umeiokoa."

Nilirudi na karatasi ile nyumbani Chumbageni, na kwa majuma matatu hivi, duka likishafungwa na binti akishamaliza kazi zake za shule, tulizipitia kurasa za vyuo kimoja baada ya kingine, yeye akisoma na kunifasiria, nami nikiandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la madeni. Nilichora safu tatu: jina la chuo, alama kinayoitaka, na kama kinamsaidia mwanafunzi wa nje kulipa ada. Safu ya tatu niliiweka kwa mazoea tu, kwa sababu muuza duka hawezi kuangalia bidhaa bila kuuliza nani atailipia. Kumbe ndiyo iliyokuwa na jibu lote.

Familia yetu haiwezi kulipa ada ya Marekani, na sioni aibu kulisema, kwa kuwa wazazi wengi watakaosoma hapa wako hivyohivyo. Vyuo tunavyoweza kuviwazia ni vile vinavyomgharimia mwanafunzi wa nje kwa kuangalia kipato cha wazazi wake. Harvard ni kimojawapo, na Harvard haitoi krediti ya digrii kwa matokeo ya AP. Dartmouth iliacha kutoa krediti hizo kuanzia darasa lililopangwa kuhitimu mwaka 2018, ikabakiza ruhusa ya kuruka kozi za mwanzo. Brown haiziingizi katika idadi ya kozi za kuhitimu, na Caltech haizitambui kabisa, bali huwapima wanafunzi wake wapya kwa mitihani yake yenyewe. Kwa vyuo hivyo vinne peke yake, karatasi ya mshauri yenye mitihani mitano ilikuwa na thamani ya krediti sifuri.

Upande wa pili kuna vyuo vya umma, na huko mambo yanaonekana matamu. Majimbo ya Florida, Texas na Illinois yana sheria zinazovitaka vyuo vyao vya umma, kwa masharti yanayotofautiana, kutoa krediti kwa alama 3. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi za Berkeley na Los Angeles miongoni mwa nyingine, nacho hutoa krediti kwa alama 3 na kuendelea. Ukiishia hapo utafurahi. Ukifungua ukurasa wa ada unakuta kwamba mwanafunzi asiye mkazi wa California hutozwa zaidi ya dola 34,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na mgeni aliyetoka Tanzania hana haki ya misaada ya serikali ya kumpunguzia mzigo huo. Nikaandika katika daftari, kwa wino mwekundu ninaoutumia kwa wadaiwa sugu: palipo na msaada hapana krediti, na palipo na krediti hapana msaada.

Najua kanuni hiyo ina mianya. MIT humgharimia mgeni kulingana na hali ya nyumbani kwao, na wakati huohuo alama 5 ya Calculus BC inamfutia kozi yake ya kwanza ya kalkulasi, yaani hiyo Calculus, hisabati ya mabadiliko. Alama 4 haimfutii kitu. Vipo pia vyuo binafsi vya wastani vinavyotoa ufadhili wa sehemu kwa wageni na ambavyo vinatoa krediti kwa alama 4 au 5 katika masomo kadhaa. Lakini mnunuzi aliyeko Tanga aanze kwa kuijua kanuni, ndipo aitafute mianya, kwa kuwa karatasi za washauri huanza na mianya na kuifanya ionekane kuwa mlango.

Hata pale krediti inapopatikana, lipo swali la nani anafaidika nayo. Mwanafunzi anayelipiwa ada yote na chuo hawaokolei wazazi wake hata senti moja kwa kuingia na krediti 8 mkononi. Viza ya F-1 nayo inamtaka mwanafunzi wa digrii ya kwanza asome kwa muda wote, kwa kawaida krediti zisizopungua 12 katika kila muhula, hivyo hawezi kusema kwamba kwa kuwa ana krediti za AP muhula huu atasoma kozi mbili tu. Anachopata ni nafasi katika ratiba. Kwa mwanafunzi wa uhandisi nafasi hiyo si haba, kwa sababu kozi zake zimefungamana kama pingili za mnyororo: kalkulasi ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua ya tatu pamoja na fizikia, na fizikia hufungua kozi za uhandisi wenyewe, kiasi kwamba aliyeanza pingili moja mbele anaweza kupumua katika mwaka wa tatu. Kwa mwanafunzi wa historia, alama ya Calculus itakaa kwenye cheti kama pambo.

Lipo jambo jingine ambalo mshauri hakulitaja, na nadhani hakulijua, ingawa ndilo ningelitanguliza kama ningekuwa nauza huduma hii. Mitihani ya AP ya mwaka 2025 ilifanyika kuanzia tarehe 5 hadi 16 Mei. Mei ndio mwezi ambao watahiniwa wetu wa Kidato cha Sita hukaa kwenye mtihani wa taifa. Mwanafunzi wa mtaala wetu hawezi kuifanya mitihani hii miwili kwa pamoja bila kuharibu mmoja, na ukiharibu wa taifa umejichongea hapa nyumbani bila uhakika wa kufaa kule. Zinabaki njia mbili: kufanya AP katika Mei ya Kidato cha Tano, ambapo mtoto ana miezi kumi tu ya masomo ya juu, au kuifanya mwaka mmoja baada ya kumaliza Kidato cha Sita, akiwa nyumbani. Sisi tulichagua ya kwanza, na kama nitakavyoeleza, sidhani tulichagua vyema.

Tena mtihani wetu wa Kidato cha Sita una uzito ambao wazazi wengi hawaujui. Vyuo vingi vya Marekani vina jedwali la mitihani ya A-level ya Cambridge, ambapo alama nzuri ya Hisabati, Fizikia au Kemia huleta krediti kama inavyoleta AP. Baadhi viko tayari kukitazama cheti cha Baraza la Mitihani la Tanzania kwa msingi uleule, mradi uwaandikie na kuwapelekea silabasi. Tuliandikia vyuo sita. Viwili vilijibu kwamba vitaangalia matokeo yakitoka, kimoja kikakataa kwa adabu, na vitatu havijajibu mpaka leo. Barua hizo hazikutugharimu chochote zaidi ya bando, na kwangu zina matumaini kuliko mitihani mitatu tuliyoiacha.

Sasa bei. Mtihani mmoja unaofanyiwa nje ya Marekani na Kanada uligharimu dola 129 mwaka huo. Siku tuliyolipa, dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,650, kwa hiyo mmoja ulikuwa shilingi 341,850, na mitano ingekuwa shilingi 1,709,250. Hiyo ni kabla ya nauli, kabla ya malazi, na kabla ya ada ya usimamizi ambayo vituo vinaruhusiwa kuiongeza. Kuchelewa kuagiza baada ya katikati ya Novemba kunaongeza dola 40 kwa kila mtihani, na dola 40 nyingine ni gharama ya kuagiza kisha usiende.

Kati ya mitano, English Language ndio tuliouacha mapema. Una maswali 45 ya kuchagua na insha tatu, na kwa mtoto aliyezoea insha za shule zetu si mlima usiopandika. Lakini mgeni hata akiufaulu kwa kawaida bado ataombwa TOEFL au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza cha wageni, na vyuo vingi humtaka kila mwanafunzi, awe na AP au asiwe nayo, asome kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Nikaona ni kulipia daraja kisha ukavuka kwa mtumbwi. Jambo lililonisumbua kidogo katika orodha hiyo ni kwamba AP ina mitihani ya lugha saba, yaani Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani, Kijerumani na Kilatini. Kilatini, ambacho hakuna mtoto anayeitwa kula kwa lugha hiyo, kimo, Kiswahili hakimo. Hata hivyo baadhi ya vyuo humsamehe sharti la lugha ya kigeni mwanafunzi ambaye lugha yake ya nyumbani si Kiingereza, kwa hiyo huenda Kiswahili chetu kikamwokolea binti yangu kozi mbili bila dola hata moja. Kaulize kabla hujalipia Kifaransa.

Statistics tuliuacha kwa sababu fupi: programu za uhandisi tulizoziangalia zinataka takwimu zinazotumia kalkulasi, na mtihani huu hauitumii, hivyo krediti yake ingekuwa ya ziada tu. Chemistry ulitutia mashaka zaidi. Ni mtihani mzuri, wenye maswali 60 ya kuchagua na 7 ya kuandika, na kemia ni kozi ya lazima kwa wahandisi wengi. Tatizo ni maabara. Vyuo vingine humtaka mwanafunzi aonyeshe daftari la majaribio aliyoyafanya kabla ya kumpa krediti ya kozi yenye maabara, na College Board yenyewe huwashauri wanafunzi kulitunza daftari hilo. Binti alikuwa amefanya majaribio mengi ya kupima ujazo wa asidi na besi, lakini kwa Oktoba ya Kidato cha Tano hakuwa na daftari ambalo ningethubutu kumwonyesha profesa.

Ikabaki Calculus BC na Physics C: Mechanics. Calculus BC ndiyo niliyoielewa kirahisi, ingawa hesabu zangu mwenyewe ziliishia kwenye riba. Ipo Calculus AB, ambayo ni nyepesi zaidi, na BC ina yote ya AB pamoja na mambo mengine, hasa mifululizo ya namba isiyo na mwisho na namna ya kuonyesha kwamba jumla yake inatulia kwenye namba moja. Mtahiniwa wa BC hupewa pia alama ndogo ya sehemu ya AB, ambayo vyuo vingine huiheshimu, kwa hiyo hata akiteleza juu ana pa kushikia. Hiyo ni bidhaa iliyofikiriwa vizuri. Usidanganywe tu na takwimu kwamba zaidi ya watahiniwa wanne kati ya kumi hupata alama 5 katika BC. Wanaoifanya ni wale waliojichuja wenyewe tangu mapema, na mtihani haukuwa mwepesi kwa ajili yao.

Maandalizi yalikuwa ya nyumbani kabisa, na hapa naisifu bidhaa hii kwa moyo mweupe. College Board huyaweka hadharani bila malipo maswali ya kuandika ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihishia, na masomo ya video ya Khan Academy ni ya bure pia. Binti alikuwa akija dukani Jumamosi, anakaa nyuma penye maboksi ya tairi, anaweka saa ya simu dakika kumi na tano, anafanya swali moja, kisha anajisahihisha kwa mwongozo kama msahihishaji asiye na huruma. Kila swali la kuandika la Calculus lina alama 9. Nakumbuka Jumamosi moja alinyanyua karatasi akiwa amekunja uso. Alikuwa amepata kwa usahihi masafa ambayo mfululizo unatulia, kutoka hasi moja hadi chanya moja, lakini hakuzipima zile ncha mbili zenyewe kuona kama nazo zimo au hazimo, na mwongozo ulikuwa umezitengea alama zake. Alama nyingine aliipoteza kwa kuandika jibu sahihi bila sentensi ya kueleza kwa nini ni sahihi. "Baba, hawa wanataka nijieleze," alisema, "sisi shuleni tunaonyesha njia, basi." Kuanzia siku hiyo niliona nyuma ya risiti zangu zikijaa sentensi za Kiingereza zinazoanza na neno la sababu.

Fizikia ilikuwa habari nyingine. Tuliichukua kwa kuwa mshauri alisema inakwenda sambamba na Calculus, na kwa karatasi ni kweli, kwa sababu Physics C inatumia kalkulasi. Lakini sura za vitu vinavyozunguka zilikuwa hazijaisha vizuri darasani kwake, na hatukupata mwalimu wa kuziziba. Kuanzia mwaka 2025 mtihani huo ulirefushwa hadi saa tatu, maswali 40 ya kuchagua na manne ya kuandika, ilhali zamani ulikuwa wa saa moja na nusu. Vitabu vya mitumba tulivyopata vilikuwa vya mtindo wa zamani, nasi tulilijua hilo zikiwa zimebaki wiki sita.

Kituo cha mtihani kilikuwa nje ya mkoa, katika shule moja ya kimataifa ambayo nayo sitaitaja, na huduma yake ndiyo sehemu mbaya kuliko zote katika tathmini hii. Mratibu alichukua siku kumi na tisa kuijibu barua pepe ya kwanza. Alipojibu, ilikuwa imebaki siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na fomu yake ilikuwa na ada ya usimamizi ambayo haikuwa imetajwa popote. Nililipa, kwa sababu kubishana kungetugharimu dola 40 za kuchelewa kwa kila mtihani. Mzazi wa Tanga aanze kutafuta kituo Agosti, na aulize kwa maandishi, siku hiyohiyo, jumla ya fedha zote.

Jambo la laptopu nalo lisipuuzwe. Tangu Mei 2025 mitihani mingi ya AP hufanywa kwa programu ya College Board iitwayo Bluebook, ambayo haifanyi kazi kwenye simu. Masomo ya insha hufanywa yote kwenye kompyuta. Ya hesabu na sayansi ni nusu kwa nusu, maswali yote unayaona kwenye skrini, ya kuchagua unayajibu hapohapo, na ya kuandika unayaandika kwa mkono kwenye kijitabu. Laptopu ya kuazima tuliyokwenda nayo ilikuwa na betri iliyochoka. Binti aliifungua usiku ule katika nyumba ya wageni kuijaribu, ikazima baada ya dakika hamsini, na mtihani wa Calculus una saa tatu na robo. Asubuhi aliwahi kituoni kabla ya wenzake ili apate kiti kilicho karibu na soketi. Kwa haki lazima niseme kwamba programu yenyewe haikumsumbua hata kidogo, na ina kalkuleta ya kuchora grafu ndani yake, ambayo ilituokoa gharama ya kununua ile ghali inayotumiwa Marekani.

Matokeo ya Julai yalikuwa 4 kwa Calculus BC, na 5 katika ile alama ndogo ya AB. Fizikia alipata 3.

Nikiipa mitihani hii alama kwa kipimo chake yenyewe cha 1 hadi 5, Calculus BC naipa 4. Katika vyuo kumi na viwili vilivyobaki kwenye daftari letu, vitano vitaihesabia kozi ya kwanza ya kalkulasi, viwili vitamruhusu kuiruka bila krediti, na vilivyobaki havitaitazama. Lakini muhimu kuliko hayo, binti alirudi darasani Kidato cha Sita akiwa mbele ya wenzake katika somo ambalo mtihani wa taifa utampima. Physics C naipa 2, na kosa si la mtihani. Alama yake ya 3 ingepata krediti Florida, ambako hatuendi, na haipati chochote katika vyuo tunavyoviomba. Zile shilingi 341,850 zingetulipia mwalimu wa fizikia kwa muda mrefu. Ushauri wa kituo cha tuisheni naupa 1, kwa sababu hakuna chini yake. Kumbe Dar es Salaam kuna huduma ya ushauri ya EducationUSA inayotolewa bure kupitia Ubalozi wa Marekani, nami niliijua kupitia mteja aliyekuja kununua taa ya dainamo.

Ningekuwa naanza upya ningelipia BC peke yake. Na kama mtoto angekuwa na mwaka wa kukaa nyumbani baada ya Kidato cha Sita, ningeisogeza huko, fizikia ikiwa imeiva, halafu ningefikiria na Physics C pamoja na Chemistry, daftari la maabara likiwa mkononi. Kwa mzazi mwenye uwezo wa kulipa ada ya chuo cha umma kwa fedha taslimu, hesabu inageuka kabisa: kwake kila alama 3 inaweza kuwa kozi isiyolipiwa, na orodha ya mitihani mitano si ya kuchekwa.

Kwa sasa binti anajaza maombi. Fomu nyingi humruhusu aandike alama zake mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia ripoti rasmi kwa kila chuo. Itatumwa moja tu, kwa chuo atakachokwenda, kwa dola 15. Ripoti hiyo hubeba alama zote kwa pamoja, na anayetaka kuizuia moja isionekane hulipia dola 10 nyingine. Binti aliniuliza kama tuizuie ile ya fizikia. Nilimwambia hizo dola 10 sizitoi.